Mtendwa Hasahau

Bibi yangu alikuwa na redio ya betri nne kubwa. Zilipoanza kuchoka, na sauti ya mtangazaji ikawa kama ya mtu aliyetumbukia kisimani, alizitoa moja moja, akazipanga juu ya bati la banda la kuku na kuziacha juani mpaka alasiri. Jioni redio iliamka. Haikuamka kwa muda mrefu: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, pengine wimbo mmoja, kisha kimya. Sisi watoto tuliamini kwamba jua limeingia ndani ya betri.

Tulikosea, ila si sana. Joto huharakisha mambo ndani ya betri, na mapumziko yenyewe, hata kivulini, yangerudisha sehemu ya nguvu. Betri inapofanya kazi, ioni hurundikana mahali pamoja na kuadimika pengine. Ukiiacha itulie, zinasambaa upya. Na usambaaji huo una tabia yake: ni wa haraka mwanzoni, kisha wa polepole, kisha wa polepole zaidi, mpaka unashindwa kusema umekwisha saa ngapi.

Miaka mingi baadaye nilimsimulia kisa hiki dada mmoja, mhandisi wa betri za pikipiki za umeme hapa Dar es Salaam. Alicheka. "Kaka, bibi yako alikuwa anafanya hesabu ya oda ya nusu juu ya bati," alisema. Kisha akanionyesha kazi inayomshughulisha siku nzima: kuijenga betri ndani ya kompyuta, kwa saketi ya kuigiza ambayo ikipewa mkondo ule ule unaopewa betri halisi itoe volti zile zile, sekunde kwa sekunde, ichoke na kupumzika kama inavyochoka na kupumzika betri yenyewe. Tangu hapo nimekaa jioni nyingi pembeni ya meza yake, nikitazama.

Kazi huanza kwa kusikiliza. Fundi wa gereji akitaka kujua hali ya betri huweka mita, akasoma volti, kisha akaweka mzigo aone volti zitaanguka kiasi gani. Hilo ni swali moja lenye jibu moja. Dada huyu huuliza maswali kama sitini. Hupitisha mkondo mdogo unaokwenda na kurudi kama wimbi, mdogo kiasi kwamba betri haichajiki wala haiishi, akaangalia volti zinavyoitikia: zimepanda na kushuka kwa kimo gani, na zimechelewa kiasi gani nyuma ya mkondo. Kimo na uchelewaji huo, vikichukuliwa pamoja, ndivyo vinavyoitwa impidansi, neno alilolitunga Oliver Heaviside wa Uingereza mwaka 1886.

Huanza na mawimbi ya haraka, 10,000 kwa sekunde, akashuka ngazi kwa ngazi mpaka wimbi moja linalochukua sekunde 1,000, yaani karibu dakika 17. Kule juu, vipimo kumi vinakwisha kabla hujamaliza kupiga chafya. Huku chini, ndani ya kipimo kimoja unachemsha chai, unainywa na kuosha vikombe. Usiku mmoja umeme ulikatika saa nane, amebakiza vipimo vitatu. Asubuhi hakuendelea alipoishia, alianza upya. Betri iliyoanza kupimwa jioni, alisema, si hii ya sasa: joto la chumba limebadilika, chaji imevuja kidogo, na kuunganisha nusu mbili za siku mbili ni kushona kanzu ya vitambaa viwili.

Hata vipimo vikikamilika, haviamini kwa macho tu. Kuna kanuni iliyotokana na kazi ya Hendrik Kramers na Ralph Kronig katika miaka ya 1920. Kifaa kinachoitikia kwa uwiano, kisichobadilika katikati ya kipimo na kisichojibu kabla hakijaulizwa, hutoa jibu lenye sehemu mbili: moja inayokwenda sambamba na mkondo, nyingine iliyo nyuma yake kwa nyuzi 90. Sehemu hizo zinafungamana. Ukiijua moja katika frikwensi zote, yaani kwa mawimbi ya kila kasi, unaweza kuikokotoa nyingine. Kwa hiyo anakokotoa, analinganisha, na pale zinapopishana anajua kwamba betri ilihama wakati akiipima. Nimemwona akitupa kazi ya usiku mzima kwa sababu hiyo, bila kulalamika, kama mpishi anayemwaga mchuzi ulioungua.

Vipimo vilivyopona huchorwa. Kila kipimo ni nukta: huenda kulia kwa kadiri ya ukinzani wa kawaida, huenda juu kwa kadiri ya ile sehemu iliyo nyuma. Nukta zikiungana, unaona kilima kidogo, kisha baada yake mwinuko ulionyooka unaopanda kulia kwa nyuzi 45. Mimi niliona mchoro mzuri. Yeye anausoma kama mzee wa pwani anavyosoma mawingu.

Kilima ndicho mlango ambamo ioni huingia na kutoka kwenye elektrodi. Vitabu vya shule vinaufananisha mlango huo na rezista na kapasita zilizowekwa sambamba, na kwa hesabu ya kawaida jozi hiyo hutoa nusu duara kamili, kama bakuli lililofunikwa. Betri halisi haitoi bakuli. Inatoa bakuli lililokaliwa, ambalo kitovu chake kimezama chini ya mstari. Mwinuko wa nyuzi 45 ni safari ya ioni zinazojipenyeza ndani ya elektrodi, na Mjerumani Emil Warburg alieleza tabia hiyo mwaka 1899. Mwaka 1947 John Randles aliviunganisha vipande hivi katika saketi moja ambayo mpaka leo mafundi wa fani hii huanza nayo.

Nyuzi 45 hizo zinastahili kutazamwa kwa utulivu. Rezista haichelewi kabisa: volti na mkondo huenda mguu kwa mguu, nyuzi 0. Kapasita huchelewa nyuzi 90 kamili. Usambaaji umesimama katikati barabara, kama mtu aliyekataa pande zote mbili. Sababu iko kwenye kanuni ambayo ukishaiona utaiona kila mahali. Tia chumvi kwenye mnofu wa papa: ili chumvi ifike kina mara mbili, huhitaji muda mara mbili, unahitaji mara nne. Kina hufuata kipeuo cha pili cha muda. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliikuta kanuni hiyo hiyo katika miaka ya 1850 alipochunguza kebo za telegrafu zilizopita chini ya bahari: kebo ya urefu mara mbili huchelewesha ishara mara nne. Kebo ya namna hiyo ilifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, na kila ishara iliyopita humo ilisambaa kama chumvi kwenye mnofu. Heaviside, ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya telegrafu, alipozikokotoa kebo alitumia alama ya "kasi ya badiliko" iliyopandishwa kwa kipeo cha nusu. Wanahisabati walimkunjia uso. Majibu yake yalikuwa sahihi.

Kipeo cha nusu: hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Kapasita inatii kanuni ya kipeo 1. Rezista inatii kanuni ya kipeo 0. Usambaaji ni kipeo 0.5. Na lile bakuli lililokaliwa? Linakaa sawasawa ukitumia kipeo kama 0.85, ambacho huchelewa nyuzi 76.5, yaani 0.85 ya 90. Kenneth Cole na ndugu yake Robert walikutana na umbo hilo la kuzama mwaka 1941 walipochunguza vitu visivyopitisha umeme, na kwenye elektrodi wanakemia bado wanabishana linatokana na nini: uso wenye mikwaruzo, punje za ukubwa tofauti, au milango mingi ambayo haifunguki kwa kasi moja. Fundi hasubiri mabishano yaishe. Kipeo hicho anakiandika α, anakipima na kukitumia.

Ila mchoro ule hauna saa. Unasema betri inaitikiaje kila wimbi likija peke yake, na pikipiki haitembei kwa mawimbi. Inapanda mlima, inafunga breki, inasimama kwenye taa, inabeba abiria wawili na gunia la mkaa. Ili kuigiza hayo lazima uhamie kwenye muda, na kwenye muda swali linakuwa la ajabu: kasi ya badiliko tunaijua, lakini nusu ya kasi ya badiliko ni nini? Mwanahisabati L'Hôpital alimuuliza mwenzake Leibniz swali hilo, na Leibniz alimjibu kwa barua ya tarehe 30 Septemba 1695 kwamba jambo hilo linaonekana kama fumbo linalojipinga, lakini siku moja litazaa manufaa. Manufaa mojawapo yako juu ya meza ya dada huyu, yamefungwa kwa gundi ya karatasi, yanasubiri kupimwa.

Jibu lake la kila siku linatokana na Anton Karl Grünwald, aliyeandika mwaka 1867, na Aleksey Letnikov, mwaka 1868. Nilimwomba dada anifundishe kwa penseli, akanichorea kanuni yenye mstari mmoja. Chukua thamani za sasa na zote zilizopita, zidisha kila moja kwa uzito wake, jumlisha. Uzito wa kwanza ni 1. Kila uzito unaofuata unaupata kwa kuzidisha uliotangulia kwa 1 kutoa (α + 1) gawanya kwa j, ambapo j ni namba ya hatua kurudi nyuma.

"Weka α ni 1," aliniambia. Nikaweka. Uzito wa kwanza 1. Wa pili, 1 kutoa 2, ni −1. Wa tatu unazidishwa kwa 1 kutoa 1, yaani sifuri. Na baada ya sifuri, vyote ni sifuri. Nikabaki na 1, −1, 0, 0, 0: thamani ya sasa kutoa iliyotangulia, kasi ya badiliko ile ile ya shuleni. Kapasita inakumbuka hatua moja tu, mengine imefuta.

"Sasa weka 0." Ikatoka 1, 0, 0, 0. Rezista haikumbuki chochote.

"Sasa nusu." Hapo penseli ilianza kufanya kazi: 1, −0.5, −0.125, −0.0625, −0.0390625… Nilisubiri sifuri. Haikuja. Kila hatua inapungua, hakuna inayokwisha. Hatua ya 100 nyuma bado ina uzito wa karibu −0.00028, mdogo kuliko chembe ya chumvi, lakini upo.

Kwa sekunde chache sikusema kitu. Namba moja, ikitoka 0 ikipitia nusu kufika 1, inamtoa mtu asiyekumbuka lolote, ikampitisha kwa mtu anayekumbuka kila kitu, ikamfikisha kwa mtu anayekumbuka jambo moja tu. Wazee walisema mtenda husahau, mtendwa hasahau. Mkondo hutenda ukapita. Betri ndiyo iliyotendwa.

Nilitaka kujua kumbukumbu hiyo ina uzito gani kwenye maisha ya betri, akanipa zoezi. Pitisha mkondo usiobadilika kwa dakika 1, kisha uukate. Volti zilizopotea kwa ajili ya usambaaji pale mkondo ulipokatwa ziite 100. Kwa kapasita na rezista zenye muda wa kusahau wa sekunde 60, baada ya dakika 1 ya kupumzika zimebaki 37. Kwa usambaaji wa Warburg, zimebaki 41. Mpaka hapo ungewachukua kuwa mapacha. Lakini baada ya dakika 10 saketi ya kawaida imebakiwa na 0.005, yaani imeshasahau, wakati usambaaji bado una 15. Baada ya saa 1 una 6. Baada ya saa 10 bado una 2. Kwenye betri halisi punje za elektrodi zina ukubwa wake, ioni zikifika mwisho wa punje njia inakatika, na mkia huu wa kumbukumbu hautaendelea milele. Hata hivyo ndani ya saa za kazi za pikipiki, mkia upo, na mtu aliyetumia kapasita peke yake ataona betri "imepona" wakati bado inauguza dakika moja ya mlima.

Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, na ngumu kwa namna ya kupendeza. Kukumbuka kila kitu kuna gharama. Ukiigiza saa moja kwa hatua za sekunde moja, una hatua 3,600, na kila hatua inapaswa kuzijumlisha zote zilizoitangulia: kuzidisha kama milioni 6.5. Ukiigiza saa 10, ni hatua 36,000 na kuzidisha karibu milioni 650. Muda mara kumi, kazi mara mia. Kompyuta ya mezani inavumilia. Kijikompyuta kidogo kilichofungwa ndani ya kasha la betri ya pikipiki, chini ya kiti, hakivumilii.

Basi ukate mkia? Njia hiyo ipo: unaweka dirisha, unatunza hatua za karibuni, za zamani unazitupa. Dada akanirudisha kwenye penseli. Zijumlishe namba zote hasi kwenye orodha ya nusu, zitakaribia −1, zifute ile 1 ya mwanzo. Baada ya hatua 100 bado zimepungukiwa na 0.056. Ili pengo hilo lipungue mara kumi, huhitaji hatua 1,000, unahitaji 10,000. Ni kipeuo cha pili kile kile cha papa na kebo, safari hii kimekugeukia wewe. Ukikata mkia, betri yako ya kuigiza inatembea vizuri asubuhi nzima, kisha polepole inaanza kudai ina nguvu kuliko ilivyo. Ni kosa lisilopiga kelele, na hayo ndiyo mabaya.

Njia nyingine ni ya Alain Oustaloup, mhandisi wa Bordeaux, Ufaransa. Haikati mkia, inautengenezea ngazi. Unajenga safu ya saketi za kawaida, kila moja yenye muda wake wa kusahau: moja husahau ndani ya sekunde, inayofuata ndani ya makumi ya sekunde, nyingine ndani ya dakika nyingi, nafasi kati yao zikipanuka kwa uwiano ule ule. Kila kipandio peke yake ni msahaulifu wa kawaida. Vikipangwa kwa uwiano mzuri, vyote kwa pamoja vinaiga yule asiyesahau, ndani ya mipaka ya frikwensi ulizochagua. Na gharama ya kila hatua haiongezeki hata uigize mwezi mzima. Mipaka ndiyo bei: nje ya ngazi hakuna kitu, kwa hiyo ni lazima ujue mapema betri yako itaulizwa maswali gani. Dada hutumia ngazi kwa vijikompyuta vya chini ya kiti, na jumla kamili ya Grünwald na Letnikov kwenye meza yake, ili ya pili iwe shahidi wa ya kwanza. Sijawahi kumwona akiamini moja bila nyingine.

Nilidhani hapo tumemaliza. Siku moja nilimkuta anatazama mstari kwenye skrini, volti zimeruka juu kidogo mahali ambapo mkondo ulikuwa sifuri. Hakuna kitu kilichofanyika, na betri ikashtuka. Alikuna kichwa, akaangalia msimbo, akaniita. Impidansi ya betri haikai mahali pamoja: inabadilika kwa joto, kwa kiasi cha chaji, na kwa umri, ambapo kile kilima hupanuka betri inavyozeeka. Kwa hiyo alikuwa ameruhusu namba za saketi zibadilike kadiri saa zinavyokwenda. Lakini mgawanyo aliuweka nje ya jumla: anajumlisha historia yote ya mkondo, ndipo anaigawa kwa namba ya leo. Betri ilipopoa, namba ya leo ikabadilika, na historia yote ikahukumiwa upya kwa sheria mpya.

"Mkondo wa jana ulipita kwenye betri ya jana," alisema, akauhamisha mgawanyo ndani ya jumla, kila mkondo ukagawanywa kwa namba ya saa yake. Mstari ukatulia. Marekebisho yenyewe yalikuwa mabano mawili yaliyosogezwa. Kuyafikia kulihitaji mtu anayejua kwamba katika kazi hii yaliyopita si mali ya kugusa ovyo.

Kuna mtego mwingine wa ukoo huo, na huu ulinirudisha kwenye bati la banda la kuku. Jumla ya uzito inaanzia mahali fulani, na programu isipoambiwa lolote hudhani kwamba kabla ya hapo betri ilikuwa imetulia tuli. Ikiwa kijana ametoka kuishusha kwenye pikipiki nusu saa iliyopita, dhana hiyo ni ya uongo: mkia wa safari yake upo ndani ya betri, haupo kwenye programu, na kila namba utakayopata itakuwa na kosa ambalo hakuna hesabu nzuri ya baadaye itakayolisafisha.

Daftari la dada huyu lina jalada gumu lenye madoa ya chai. Ukifungua ukurasa wowote, juu kabisa, kabla ya namba ya betri, kabla ya joto la chumba, kabla ya volti, kuna mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono. Ule wa juzi ulisomeka: "Mara ya mwisho kutumika: jana, saa kumi na moja jioni, dakika arobaini, mlima."